Masharti ya mgonjwa wa figo: kwa nini yanamshinda?



Siku hizi si ajabu kusikia katika familia zetu kwamba baba fulani au mama fulani "anasafishwa damu". Na mara nyingi habari hiyo huja na lawama: "Mgonjwa wetu ni mkaidi. Kaambiwa asinywe maji mengi, anakunywa kwa kificho. Kaambiwa aende kwenye mashine mara tatu kwa wiki, anakwenda mara moja. Akizidiwa, sisi ndio tunaohangaika."

Waswahili husema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama begani mwa mwenzako unauona mwepesi, kwa sababu hujaubeba. Katika ukurasa huu tutaupima mzigo huo. Tutaona mgonjwa wa figo ameamriwa kufanya nini, kwa nini inakuwa vigumu, na sisi tunaomzunguka tunaweza kumpunguzia nini. Jambo hili si dogo. Mgonjwa wa figo anayeacha matibabu hapati mafua. Anaweza kufa katika siku chache.

Figo hufanya kazi gani?

Kila mtu kwa kawaida ana figo mbili, kila moja kubwa kama ngumi, zimekaa nyuma ya tumbo karibu na kiuno. Damu yote mwilini hupita humo mara nyingi kwa siku. Kwa siku moja figo huchuja kama lita 180 za majimaji kutoka katika damu, hurudisha karibu yote mwilini, na huacha lita moja au mbili tu zitoke kama mkojo. Katika mkojo huo hutoka uchafu, chumvi na maji ambayo mwili hauyahitaji.

Figo zina kazi nyingine pia. Husaidia kutengeneza damu, kuimarisha mifupa na kupima shinikizo la damu. Ndiyo maana mtu ambaye figo zake zimechoka huwa na upungufu wa damu, mifupa kuuma, na shinikizo lililo juu.

Hapa kwetu figo huharibiwa zaidi na shinikizo la damu lisilotibiwa na kisukari. Yako magonjwa mengine pia, pamoja na maambukizo ya VVU, kichocho cha muda mrefu, na matumizi holela ya dawa za maumivu. Mara nyingi figo huharibika kimya kimya. Mtu hasikii kitu mpaka sehemu kubwa imekwisha kufa, na ikisha kufa hairudi.

Mashine ilitoka wapi?

Mashine ya kwanza ya kusafisha damu iliyofaa kwa binadamu ilitengenezwa na daktari Mholanzi, Willem Kolff, mwaka 1943, katika mji wa Kampen, wakati nchi yake ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani. Wagonjwa wake wengi wa mwanzo walikufa. Wa kwanza kuokoka alipatikana mwaka 1945. Mwaka 1960 huko Seattle, Marekani, Daktari Belding Scribner alipata njia ya kuacha mrija mkononi mwa mgonjwa ili aweze kuunganishwa na mashine tena na tena. Tangu hapo mtu aliyepoteza figo zote mbili aliweza kuishi kwa miaka.

Mashine huvuta damu nje ya mwili polepole, huipitisha katika chujio lenye nyuzi nyembamba sana, kisha huirudisha. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua saa 4, mara 3 kwa wiki. Kila mara hutumika maji yaliyosafishwa kwa namna ya pekee, lita 120 hivi au zaidi, pamoja na umeme usiokatika ovyo. Ndiyo sababu mashine hii haiwezi kuwekwa katika kila zahanati.

Hapo tuelewe jambo moja kubwa. Wiki ina saa 168, na figo nzima hufanya kazi saa zote hizo, usiku na mchana. Mashine hufanya kazi saa 12 tu. Saa 156 zinazobaki, uchafu na maji hujikusanya mwilini bila njia ya kutokea. Masharti yote anayopewa mgonjwa yanatokana na hesabu hiyo.

Masharti yenyewe ni manne. La kwanza, aende kwenye mashine kila siku iliyopangwa na akae mpaka mwisho. La pili, apunguze maji. La tatu, achague chakula. La nne, ameze dawa zake, ambazo huwa za aina nyingi. Ukiyasoma karatasini ni mistari minne. Sasa tuone yanapofika Tabora yanakuwaje.

Njia ni ndefu

Sisi tunaokaa kwenye njia ya zamani ya misafara tunajua habari za safari. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, kati ya Unyanyembe na Bagamoyo, safari ya miezi. Lakini pagazi alikuwa na mwisho wa safari. Alifika, akatua mzigo, akalipwa. Safari ya mgonjwa wa figo haina Bagamoyo. Akimaliza ya Jumatatu, ya Jumatano inamngoja.

Zamani huduma hii ilipatikana Dar es Salaam na katika miji michache tu. Kwa watu wa kanda ya magharibi tegemeo likaja kuwa Bugando, hospitali ya Baraza la Maaskofu iliyoko Mwanza, na baadaye Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma. Mwanza ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Tabora mjini, na Dodoma ni zaidi ya 350. Katika miaka ya karibuni serikali imesogeza mashine katika hospitali za rufaa za mikoa mbalimbali, na hili ni jambo la kushukuru. Kwa mtu wa mkoa wetu, mahali pa kwanza pa kuuliza na kupewa barua ya rufaa ni Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Lakini hata mashine ikiwa mjini Tabora, bado mgonjwa wa Kaliua, Ulyankulu au vijiji vya ndani vya Sikonge ana safari ndefu. Mara tatu kwa wiki ni safari sita, kwenda na kurudi. Wakati wa masika gari likikwama, siku ya mashine imepita. Kwa hiyo wengi hulazimika kuhama. Mgonjwa huenda kukaa kwa ndugu mjini, au hupanga chumba. Anaacha shamba, anaacha watoto, anaacha mke au mume. Ndugu anayempokea humpokea kwa moyo mwema, lakini alifikiri ni wiki mbili. Mwezi wa sita ukifika, hata uso wa mwenyeji hubadilika. Mgonjwa huuona uso huo, na huanza kusema kwamba anajisikia nafuu, arudi kwake kidogo.

Hiyo "kidogo" ndiyo inayoua. Tuchukue mfano wa mgonjwa ambaye siku zake ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kati ya Ijumaa na Jumatatu ndipo pana pengo refu kuliko yote, na madaktari wameona katika nchi nyingine kwamba vifo huongezeka mwishoni mwa pengo hilo. Sasa akisafiri Ijumaa jioni kwenda msibani au kula Noeli nyumbani, akaikosa Jumatatu, atakuwa amekaa siku tano bila kusafishwa. Na Noeli ndiyo majira ya maembe hapa Tabora.

Fedha

Mashine, chujio, dawa na maji maalum ni ghali. Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme mahali fulani wanatoza shilingi 200,000 kwa mara moja. Kwa wiki ni 600,000. Kwa mwezi wenye siku 13 za mashine ni 2,600,000. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni 31, na nauli, chumba na chakula bado havijahesabiwa.

Mkulima wa tumbaku wa Urambo hupata fedha zake kwa msimu. Mfugaji huuza ng'ombe anapobanwa. Mashine haijui msimu. Inataka fedha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kwa hiyo familia huuza ng'ombe wa kwanza, wa pili, kisha baiskeli, kisha shamba. Zinapopungua, mara tatu kwa wiki hugeuka mara mbili, halafu mara moja, halafu "tutaenda akizidiwa". Mgonjwa hakuvunja sharti, fedha zilikwisha. Wapo pia ambao hukataa wenyewe kwa makusudi, kwa sababu wanaona ada za shule za watoto zinaingia ndani ya mashine. Huo si ukaidi. Ni baba anayechagua kati ya uhai wake na maisha ya watoto wake, na hakuna mtu anayepaswa kuachwa afanye uchaguzi huo peke yake.

Tatizo la nani alipe si letu peke yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Seattle mashine zilikuwa chache, na iliundwa kamati ya raia wa kawaida kuchagua nani aingizwe kwenye matibabu na nani aachwe. Watu walishtuka sana. Mwaka 1972 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya serikali kubeba gharama za karibu wagonjwa wote wa namna hiyo.

Hapa nchini, mwenye bima ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ana nafuu kubwa kuliko anayelipa mfukoni. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kila familia yenye mgonjwa iulize mapema kadi yake inalipia nini, na kwa hospitali zipi. Kila hospitali kubwa ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda huko ueleze hali yako kabla hujauza shamba, wala usingoje mpaka umeuza.

Kiu na chungu cha nyumbani

Lakini tusidhani kwamba fedha ndiyo sababu pekee. Hata huko Marekani ambako gharama hulipwa, wagonjwa hukosa siku za mashine na hunywa kupita kiasi. Yako mambo ambayo ni magumu kwa binadamu yeyote, tajiri au maskini.

La kwanza ni kiu. Mgonjwa ambaye hapati tena mkojo, au anapata kidogo, huambiwa asizidishe maji kama nusu lita kwa siku, pamoja na kiasi cha mkojo anaotoa. Wengi hufikia lita moja tu au pungufu. Na si maji ya kikombe peke yake. Uji ni maji. Chai ni maji. Mchuzi, maziwa, togwa na soda vyote vinahesabiwa. Sasa fikiri mwezi wa kumi hapa Tabora, jua linachoma na mvua haijanyesha, halafu umpe mtu vikombe vitatu au vinne tu tangu asubuhi hadi usiku. Maji yanayozidi hayana pa kwenda. Huvimbisha miguu, hupandisha shinikizo, mwisho huingia kwenye mapafu, na mgonjwa hushindwa kupumua akilala.

Kiu hii huletwa zaidi na chumvi. Chumvi ya Uvinza ilikuwa bidhaa kubwa katika njia hizi zamani, na mpaka leo chakula bila chumvi kwetu huonekana kama si chakula. Mama hupika chungu kimoja kwa watu wanane. Hawezi kukipika bila chumvi kwa ajili ya mmoja, na mgonjwa naye huona haya kudai chungu chake. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi, na magadi yanayotiwa kwenye maharage au mlenda, yote huongeza kiu ileile. Kumkataza mgonjwa maji huku tukimpa chumvi ni kumtesa bure.

La pili ni madini yaitwayo potasiamu. Yamo katika vyakula vingi vizuri, na mtu mwenye figo nzima hayamdhuru. Kwa mgonjwa wa figo hujikusanya katika damu mpaka moyo unapoteza mwendo wake na kusimama ghafla, mara nyingine bila dalili yoyote ya kutangulia. Yamo kwa wingi katika viazi vitamu, ndizi, maparachichi, maharage, karanga, nyanya, uyoga na mboga za majani. Na hapa Unyamwezi tuna jambo letu: tunakausha chakula. Michembe na matobolwa ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Nsansa ni majani yaliyokaushwa. Jua huondoa maji, lakini halitoi potasiamu. Kwa hiyo konzi moja ya michembe ina madini mengi kuliko konzi ya viazi vibichi. Mgonjwa anayekula michembe na maembe wakati wa njaa hali kwa ukaidi. Anakula kilichoko nyumbani. Karatasi aliyopewa hospitalini huenda ilitaja tufaha, ambalo kijijini kwake halijaonekana.

La tatu ni maneno yanayoonekana kupingana. Kabla ya kuanza mashine, mgonjwa huambiwa apunguze nyama, mayai na maharage ili asizichoshe figo zilizobaki. Akianza mashine, huambiwa aongeze mayai, samaki na kuku, kwa sababu mashine huondoa pia chembe za kujenga mwili. Asipoelezwa sababu, hudhani madaktari hawajui wanalosema, na huchagua neno la kwanza. Wengi hukonda na kudhoofika kwa sababu wameogopa kila chakula.

Mwili wenyewe humdanganya

Iko duara moja ambayo wauguzi wa mashine wanaijua sana. Mgonjwa amekunywa maji mengi, akaja na kilo nne zilizozidi. Kila kilo ni lita moja ya maji. Mashine inalazimika kuyavuta yote katika saa 4. Shinikizo la damu hushuka, misuli ya miguu hukaza kwa maumivu makali, kichwa huzunguka. Saa ya tatu mgonjwa huomba atolewe. Akitolewa, maji mengine yamebaki mwilini. Siku inayofuata anakuja na mengi zaidi, na maumivu huwa makali zaidi. Mwishowe anaiogopa mashine yenyewe. Akikatisha saa moja kila mara, kwa mwezi amepoteza saa 13, ambazo ni zaidi ya siku tatu nzima za matibabu.

Tena akitoka kwenye mashine huwa amechoka, analala mpaka kesho yake. Kesho kutwa ni siku ya mashine tena. Mtu wa namna hiyo akisema "mashine ndiyo inayonimaliza", tusimcheke. Ndivyo mwili wake unavyomwambia.

Kwa upande mwingine, akisafishwa vizuri kwa wiki chache, hamu ya kula hurudi, kichefuchefu huisha, uvimbe hupungua. Hapo husema: "Nimepona." Sisi tumezoea malaria: unameza dawa, homa inakwisha, umepona. Figo si hivyo. Nafuu ile imeletwa na mashine, na itaondoka pamoja nayo.

Dawa nazo zina utata wake. Ziko za shinikizo, za kuongeza damu, za kuimarisha mifupa. Nyingine hutafunwa pamoja na chakula ili kunasa madini ya fosforasi. Zikimezwa bila chakula faida yake hupotea. Nyingine za shinikizo daktari anaweza kukuambia usizimeze asubuhi ya siku ya mashine. Ni mengi kwa mtu anayesoma kwa shida, na dawa moja ikikosekana dukani wengi huacha zote.

Woga, huzuni na maneno ya watu

Mgonjwa husikia mtaani: "Ukianza mashine hutoki, utakufa tu." Ukweli ni kwamba wengi huchelewa kuanza, wanafika wakiwa taabani, na wakifa mashine ndiyo inayolaumiwa. Wengine huambiwa wamerogwa, wakapelekwa kwa waganga na kupewa mizizi ya kuchemsha. Dawa ya kienyeji isiyojulikana inaweza kuleta potasiamu nyingi, au sumu ya kuua kipande cha figo kilichobaki. Wengine huambiwa kwamba kwenda kwenye mashine ni kukosa imani. La hasha! Kuombewa na kutibiwa havigombani. Anayemwambia mgonjwa wa figo aache mashine anamwambia afe, hata kama hajui.

Iko pia huzuni. Mwanamume aliyekuwa nguzo ya nyumba sasa hushikwa mkono. Usingizi hupotea, nguvu za ndoa hupungua, marafiki hupungua. Mtu aliyekata tamaa hafuati masharti, kwa sababu haoni anayafuatia nini. Na akilaumiwa, hujifunza kuficha. Muuguzi akimwuliza "Ulikunywa kiasi gani?" hujibu "kidogo". Basi daktari hupanga matibabu kwa habari isiyo ya kweli. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya lawama: haimbadilishi mgonjwa, humnyamazisha tu.

Tufanye nini?

Kwa mgonjwa:

1. Chukua chupa moja ya maji ya kiasi chako cha siku. Kila ukinywa chochote, chai au uji, mwaga kiasi kilekile kutoka kwenye chupa. Chupa ikiisha, siku imeisha.
2. Tumia kikombe kidogo. Kiu ikizidi, sukutua mdomo kwa maji na uteme.
3. Jipime uzito kila asubuhi, kama mizani ipo. Uzito ukipanda haraka, ni maji, si unene.
4. Viazi na mboga: menya, kata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga maji hayo. Usiyatumie kuwa mchuzi. Hii hupunguza potasiamu, haiondoi yote. Michembe na matobolwa ni afadhali kuviacha.
5. Usikatishe mashine kimya kimya. Ukiumwa, mwambie muuguzi. Anaweza kurekebisha kasi.
6. Kama umetengenezewa mshipa mkononi, usiruhusu mkono huo upimwe shinikizo wala kutolewa damu, wala usibebe mzigo kwa mkono huo. Kama una mpira shingoni, usilowe, na homa yoyote au kutetemeka ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.
7. Ukitaka kusafiri, waambie wahudumu mapema, ili wakuulizie nafasi ya mashine huko uendako.
8. Sema ukweli. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Kwa familia: Pikeni chungu cha wote bila chumvi nyingi, anayetaka aongeze mezani. Itawafaa wote, maana shinikizo la damu hutembea katika ukoo. Mmoja wenu aingie na mgonjwa kwa daktari asikilize. Gawaneni zamu za kumsindikiza, asiwe mtu mmoja tu hadi naye achoke. Na muulizeni daktari kuhusu kupandikiza figo. Zamani wagonjwa walipelekwa India. Tangu mwaka 2017 upandikizaji umefanyika Muhimbili, na tangu 2018 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Ndugu mwenye afya anaweza kutoa figo moja na akaishi vizuri kwa iliyobaki, baada ya kupimwa kwa makini.

Kwa jumuiya ndogo ndogo na majirani: Tumezoea kuchanga kwa ajili ya mazishi. Jeneza, sanda na chakula cha msiba hupatikana kwa siku mbili. Tunaweza kuchanga mapema. Jumuiya haiwezi kulipa mashine ya mwaka mzima, lakini inaweza kulipa nauli ya wiki, kumtafutia mgonjwa mahali pa kulala karibu na hospitali, kulima shamba lake siku moja, au kumsaidia mwenyeji wake kwa debe la mahindi ili uso usibadilike. Mgonjwa ambaye nauli yake ipo, na mtoto wake yuko shuleni, huonekana ghafla kuwa "mtiifu". Hakubadilika tabia. Kilichobadilika ni mzigo.

Usingoje kesho

Mgonjwa aliyekosa mashine mpeleke hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya: anashindwa kupumua akilala chali, misuli imelegea ghafla, moyo unakwenda ovyo, amechanganyikiwa au anasinzia mno, au ana degedege.

Na wewe msomaji ambaye figo zako bado nzima, usiwe mtu wa kusoma tu habari za wengine. Kama una miaka zaidi ya 40, au kama kuna kisukari, shinikizo au ugonjwa wa figo katika ukoo wenu, pima shinikizo, sukari na mkojo angalau mara moja kwa mwaka. Vipimo hivi hupatikana katika vituo vya afya na hospitali zetu, iwe Ndala, Nkinga, Sikonge au Kitete. Ukipewa dawa za shinikizo, usiziache unapojisikia vizuri. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usizimeze kila siku bila ushauri wa daktari. Zinaharibu figo polepole.

Vipimo hivyo humaliza asubuhi moja. Mashine haimalizi. Anayeweza kupima mwezi huu apime mwezi huu, na mwenye jirani anayesafishwa damu aende kumwuliza leo: safari yako ijayo ni lini, na nani anakusindikiza?